Sufuria na Sera ya Nchi Ndogo

Sufuria ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogea ndani yake amekaa, na pembeni ikabaki nafasi ya kopo. Ndani ilikuwa nyeupe. Nje ilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa miaka mingi. Ilipikia misiba, harusi na jando, na mwenye nayo hakuwahi kumnyima mtu. Mwenye nayo alikuwa mama mmoja wa Kimakua, mjane, ambaye nilipanga chumba kwake katika kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Kijiji sikitaji jina. Mwenyekiti wake wa wakati ule bado yupo, ni mzee sana sasa, na mimi namheshimu. Mbele utaona kwa nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilizaliwa Naipingo na shule niliiacha darasa la tano. Sikuiacha kwa kukosa akili. Nilichoka kukaa. Kila gari lililopita barabarani nilitaka kujua linakwenda wapi, na siku moja nikapanda mojawapo. Nilivuna mtama Mkotokuyana, nikabeba magunia ya korosho Nachingwea mjini, nikachekecha mchanga Tunduru kutafuta mawe ya thamani ambayo waliyapata wengine. Huko Tunduru ndiko nilikojifunza Kimakua, juu ya Kimwera nilichozaliwa nacho. Gazeti lililofungiwa maandazi nililisoma pande zote mbili, mafuta yakiwa bado ya moto. Kwenye redio nilipenda habari za mambo ya nje kuliko mpira. Nilijua majina ya mawaziri wa nchi ambazo nisingeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Nilifika kijijini pale nikitokea Chunyu, nilikokuwa napalilia mikorosho ya watu. Nilipanga kukaa wiki mbili. Nikakuta mtaro unachimbwa, na udadisi ukanishika miguu.

Maji ya kijiji kile yalikuwa ya mtoni, na mto wenyewe kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo kwenye mchanga, wakasubiri maji yajikusanye, wakachota kwa kikombe. Mama mwenye nyumba aliondoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali, ndoo moja kichwani. Kikombe kimoja, anangoja. Kikombe kingine, anangoja. Miaka yake ya utu uzima karibu yote iliishia pale mchangani.

Ndipo ikaja nchi ndogo. Ndivyo mimi nilivyoiita, maana mgeni aliyetumwa nayo, mwanamke mrefu mtaalamu wa maji, alipenda kusema, "Sisi ni nchi ndogo tu." Ni huko kaskazini kwenye baridi. Kiswahili alikijua, tena chake kilinyooka kuliko changu. Mpango ulikuwa rahisi kueleza: kulikuwa na chemchemi mlimani, nchi ndogo ingeleta mabomba, kijiji kingechimba mtaro wa kuyalaza kuanzia chemchemi hadi kijijini. Mabomba yalikwishafika. Yalikuwa meusi, ya plastiki, yameviringishwa kama nyoka wakubwa waliolala, mbele ya ghala la korosho. Watoto waliyazunguka kutwa wakiyapigapiga kwa vijiti.

Mwenyekiti aliuchukua mtaro ule kama vita. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, na alikuwa na sheria moja: kila nyumba itoe mtu wa kuchimba, kila zamu. Nyumba isiyotoa mtu ilitembelewa na mgambo, na mgambo hawakutoka mikono mitupu. Jembe lilichukuliwa, au kuku, au kiti. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kazi zote za kijiji tangu zamani. Shule ilijengwa hivyo, na zahanati pia. Hakuna aliyeuita uonevu. Watu walinung'unika, wakachimba, wakarudishiwa vitu vyao kazi ilipokwisha, vile ambavyo havikuwa vimeliwa.

Siku moja zamu ya nyumba yetu ilifika na mama hakuonekana mtaroni. Alikuwa mtoni. Mashimo yalikuwa yamekauka mapema kuliko kawaida na alilazimika kuchimba jipya. Mimi nilikuwa nimekwenda Nachingwea kuuza mbaazi. Mgambo wakaja, mwenyekiti mwenyewe akiwa mbele. Wakaiona sufuria.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa kizingitini, ndoo yake ya maji pembeni.

"Wamechukua," alisema.

"Wamechukua nini?"

"Angalia jikoni, utaona kisichokuwepo."

Nilitaka kwenda kugomba. Akanizuia. Mwenyekiti alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, shemeji yake, na mambo yao aliyajua mwenyewe.

Sasa nafika kwenye kosa langu, na sitalipunguza. Habari zilikuja kwamba yule mgeni anakuja kukagua, na kwamba safari hii anataka kuona jinsi wananchi wanavyoshiriki. Neno hilo, kushiriki, lilimsumbua sana mwenyekiti. Mtaro anaweza kuuonyesha. Kushiriki ataonyeshaje? Akaniita, kwa kuwa nilishajulikana kama mtu wa magazeti.

Nikafikiri. Nikamwambia, "Mzee, mtaro unaonyesha waliochimba. Hauonyeshi kwamba kijiji hakikubali mtu abaki nyuma. Lile ghala lina ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Vitu vilivyokamatwa. Tukivipanga vizuri, mgeni ataona hapa hakuna mchezo."

Uso wa mwenyekiti uling'aa. Asubuhi ya siku ile nilivipanga mimi mwenyewe juu ya mkeka ndani ya ghala, kama maonyesho ya Nane Nane. Majembe upande mmoja, vigoda upande mwingine, baiskeli isiyo na mnyororo katikati, kuku wawili wamefungwa miguu. Na sufuria ya mama mbele kabisa, maana ndiyo iliyovutia macho. Niliisugua nje kwa jivu na mchanga mpaka mikono ikauma. Masizi yalipotoka, chini kwenye kitako zikatokea herufi zilizochongwa, herufi za ajabu ambazo sikuwahi kuziona. Nilijaribu kuzisoma nikashindwa.

Mgeni akafika. Akatembezwa mtaroni, akafurahi, akapiga picha. Kisha mwenyekiti akamleta ghalani, akafungua mlango kwa mikono miwili.

"Haya yote," alisema, "ni ya wale waliotaka kulala. Hapa kwetu hatucheki na mtu. Mgonjwa, mzee, mjane, wote wanachimba. Na kuna wawili wamekimbilia Ruangwa, hao bado tunawatafuta."

Mgeni aliangalia mkeka. Kuku mmoja alipiga mabawa.

"Sufuria hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mjane mmoja," mwenyekiti alisema kwa fahari. "Shemeji yangu. Sikumwonea haya hata yeye."

Mgeni hakupiga picha ghalani. Alishukuru, akaingia kwenye gari, akaondoka bila kula ubwabwa uliopikwa kwa ajili yake. Mwenyekiti aliniuliza kama wazungu wanakosa hamu ya kula wakifurahi sana. Nikamwambia huenda.

Baada ya wiki chache ilikuja barua. Kazi imesimamishwa. Nchi ile haitatoa msaada kwa kazi ambayo watu wanalazimishwa kuifanya na kunyang'anywa mali zao, mpaka ithibitike kwamba hali hiyo imekoma. Mabomba yasiguswe.

Kijiji kilinigeukia. Hawakunipiga wala kunifukuza, maana watu wa kule hawana haraka. Walinitania. Nilikuwa siwezi kupita mahali.

"Fundi wa kusugua, bakuli langu nalo lini?"

"Mwacheni, anakwenda kung'arisha mtaro."

"Kaka, ukioa, mahari tutakudai jivu."

Mama mwenye nyumba alikuwa na neno lake pia. Nilipomweleza kwamba niliisafisha sufuria, alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Moshi wa miaka ishirini na zaidi. Ule ndio unaofanya iive haraka. Umeniondolea moshi wangu, mwanangu, na maji pia." Kisha akachukua ndoo akaenda mtoni. Hilo ndilo lililoniuma. Aliendelea kwenda, kikombe kimoja anangoja, kikombe kingine anangoja, na mabomba yamelala pale mbele ya ghala yakipata vumbi kwa sababu ya jivu langu.

Nikaamua kujua. Kama nchi ndogo imenikwaza, basi nitaijua nchi ndogo. Nikatembea mpaka ofisi ya mradi Nachingwea, nikamkuta yule mgeni, nikamwomba anieleze. Alishangaa. Nadhani alitegemea mtu aje kuomba mabomba, si kuuliza maswali. Akanikalisha, akanipa chai isiyo na sukari na karatasi kadhaa zilizotafsiriwa Kiswahili kwa ajili ya watumishi. Kichwa cha karatasi zile kilikuwa kuhusu sera ya mambo ya nje ya nchi yao, haki za binadamu na misaada.

"Nyinyi ni nchi ndogo," nilimwambia. "Mnahitaji sera ya nini?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana tunaihitaji. Nchi kubwa inasikika hata ikinyamaza. Sisi tusiposema jambo moja na kulishikilia, hatusikiki kabisa."

"Na jambo lenyewe ndilo sufuria ya mama yetu?"

Hakucheka tena. "Kwa kweli, ndilo. Bunge letu liliamua. Nikiandika kwamba nimeona na sikusema, nitakuwa nimedanganya. Nikisema, wanasimamisha. Sijalala vizuri tangu siku ile."

Niliondoka na karatasi zile nimezikunja kifuani. Nilizisoma njia nzima, nikajikwaa mara mbili. Jioni, mama akichambua mbaazi, nikamsomea.

"Hiyo nchi ina watu wengi?" aliuliza.

"Wachache. Mgeni anasema unaweza kutembea msituni kwao kutwa usikutane na mtu."

"Kumbe kama Liwale."

"Liwale yenye barafu."

"Na Liwale nayo ina sera ya mambo ya nje?"

Nikamweleza nilivyoelewa mimi. Nchi kubwa ikikasirika inapeleka manowari. Nchi ndogo ikikasirika inapeleka barua. Haina cha kutisha, ina msaada tu na neno lake, kwa hiyo inavifunga pamoja: ukitaka msaada wangu, usimwonee mtu. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchambua.

"Ni maneno mazuri," alisema mwishowe. "Hayana kosa. Lakini wamesoma ukurasa wa mwenyekiti, ukurasa wangu hawajausoma." "Waambie waje. Nina maneno."

Nilirudi Nachingwea siku iliyofuata. Nilimwambia mgeni kwamba mwenye sufuria anataka kuzungumza, na kwamba atazungumza Kimakua, kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni na jambo hili si la sokoni. Mgeni aliandika haraka. Siku chache baadaye akaja na mkubwa wake kutoka ubalozini, mzee mrefu kupita kiasi, aliyeinama kuingia kila mlango. Yeye Kiswahili alikielewa akisemewa polepole.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala, kwenye uwanja wa kuanikia korosho. Kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti alikaa mezani na wageni, amevaa koti, uso umekaza. Alikuwa ameshasema asubuhi, kila mtu asikie, kwamba Nachingwea ililisha wapigania uhuru wa nchi nzima ya Msumbiji, na leo inafundishwa haki na watu waliokuwa hata hawajui iko wapi. Wengi walimuunga mkono. Hata mimi, kwa moyo mmoja, nilimuunga mkono.

Mama alisimama. Alikuwa amejifunga kanga mbili na ngata yake ya kubebea ndoo ameiweka begani, kwa kuwa alitoka mtoni moja kwa moja. Mimi nikasimama kando yake kutafsiri.

"Nilikuwa na umri wa kuanza kubeba maji," alianza, "walipokuja kumchukua baba yangu. Ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Alikuja askari wa Mreno na karatasi. Baba hakuulizwa anataka kazi gani, wapi, wala mpaka lini. Alifungwa kamba na wenzake wakaondoka. Hiyo kwetu iliitwa shibalo. Hakurudi. Mama yangu akatushika mikono tukavuka mto tukaja huku, na huku tukapewa shamba na mbegu ya muhogo na watu ambao wenyewe walivaa viraka. Kwa hiyo kulazimishwa mimi nakujua. Nakujua mpaka sauti ya viatu vyake."

Nilitafsiri. Yule mzee wa ubalozini aliacha kuandika.

"Sasa huyu mwenyekiti," mama aliendelea, "alinionea."

Mwenyekiti alikijua Kimakua kidogo. Aliinama upande wangu akasema chini kwa chini, "Punguza."

Naweza kusema sasa kwamba katika maisha yangu ya kuzurura nimepunguza mambo mengi. Nimepunguza umri nikitafuta kazi, nimepunguza urefu wa safari nikiwadanganya wenzangu watembee. Siku ile sikupunguza. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikielewa, kwamba mwenyekiti alimwonea.

"Siku ile sikwenda mtaroni kwa kuwa nilikuwa mtoni. Nilikuwa natafuta maji. Akaninyang'anya sufuria kwa kosa la kutafuta kitu kile kile ambacho mtaro wake unakitafuta. Alikosea, na namwambia mbele yenu. Lakini yeye si Mreno. Mreno humwambii hivi usoni kisha ukarudi kwako ukapika."

Kicheko kidogo kilipita nyuma, kwa wanawake.

Mwenyekiti akasimama. "Mimi nilibeba magunia ya muhogo kwa baiskeli kuyapeleka kambini kwa ajili ya watu wa kwao. Kwa baiskeli. Leo natajwa pamoja na Mreno?"

"Nimesema wewe si Mreno," mama alimjibu kwa Kiswahili. "Sikiliza vizuri, shemeji. Au masikio nayo yamekamatwa na mgambo?"

Uwanja mzima ulicheka, na nikaona mwenyekiti mwenyewe anauma mdomo asicheke. Shemeji ana ruhusa ya kusema ambalo wengine hawawezi, na yeye alijua. Akakaa.

Mama akawageukia wageni, akarudi kwenye Kimakua.

"Na nyinyi. Mlisikia nimeonewa, mkakasirika. Nawashukuru, kwa kuwa si wengi wanaokasirika kwa ajili ya mjane. Lakini mlipokasirika mlimwadhibu nani? Mwenyekiti ana baiskeli, anapelekewa madumu. Ninayekwenda mtoni ni mimi. Yeye alinichukulia sufuria, nyinyi mkanichukulia maji ya kutia ndani yake. Mnataka haki yangu? Haki yangu ni vitu viwili, sufuria na maji. Mkinipa kimoja peke yake sitapika."

Yule mgeni mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa. Mkubwa wake aliondoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Mama," alisema polepole kwa Kiswahili chake kizito, "unataka tufanye nini?"

"Nyinyi mngoje kidogo. Kwanza yeye." Akamwonyesha mwenyekiti kwa kidevu. "Aliyekuja kuichukua airudishe mwenyewe. Si mgambo. Mwenyewe."

Watu wote walimtazama mwenyekiti. Nami nilimtazama, nikaona kwamba hapo ndipo maji yetu yote yalipokuwa yamening'inia. Angekataa, wageni wangeingia kwenye gari lao na barua yao ingebaki ilivyo. Alikuwa mtu wa cheo, amevaa koti, mbele ya wageni na kijiji chake. Alinitazama mimi, akamtazama mama. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaingia ghalani.

Alitoka na sufuria kichwani. Ilikuwa kubwa mno kuibeba kifuani kwa mtu mfupi kama yeye, kwa hiyo aliigeuza, akaivaa kama kofia, na ikamfunika mpaka kwenye nyusi. Kitako kilikuwa juu, kinang'aa kwa jivu langu. Akaanza kutembea kuelekea kwetu, kutoka ghalani mpaka nyumba ya mwisho, na kijiji kizima nyuma yake. Vigelegele vilianza kwa mwanamke mmoja, vikaenea. Si vya kumcheka. Mtu angekuwepo pale angeijua tofauti.

Mzee wa ubalozini alitembea pembeni yake, na kwa urefu wake aliona kitako kile kutoka juu. Nikamwuliza kama anaweza kuzisoma zile herufi, maana nilikuwa sijazisahau.

"Ndiyo," alisema. "Mliipata wapi?"

Mama akajibu kupitia kwangu. Wapishi wa kambi ya wapigania uhuru walimwachia siku walipokuwa wanarudi kwao, nchi ilipokombolewa. Alikuwa akiwapelekea muhogo. Wao waliipata kwenye msaada uliotoka ng'ambo.

"Ni ya kwenu?" nilimwuliza mzee.

"Hapana. Ni ya nchi kubwa sana." Akatabasamu. "Haipo tena."

Nilitafsiri. Sauti ya mwenyekiti ikatoka chini ya sufuria, nzito kama ya mtu aliye kisimani: "Lakini sufuria ipo."

Aliiweka jikoni kwa mama, juu ya mafiga, kama ilivyokuwa. Akamwomba radhi kwa maneno machache, kwa Kimakua chake kibovu. Mama alizunguka sufuria, akaikagua, akasema itahitaji miaka mingine ishirini kupata moshi wake.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Wageni walisema hawawezi kubadili sera yao kwa ajili ya kijiji kimoja, na mama akasema hakuna aliyewaomba waibadili, waifuate mpaka mwisho tu. Mkutano ukaendelea pale pale nje ya nyumba yetu. Watu waliamua kwa kunyoosha mikono kwamba mali ya mtu haikamatwi tena kwa kazi ya kijiji. Wanawake wakaongeza lao, kwamba zamu zigawanywe: wanaokwenda mtoni siku hiyo wanawachotea wanaochimba, na kuchota kunahesabika kuwa ni kuchimba. Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono ilikuwa mingi mpaka akaacha kuangalia. Vitu vyote vilivyokuwa kwenye mkeka vilirudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo, isipokuwa kuku mmoja ambaye hakupatikana na hakuna aliyeuliza sana.

Mgeni aliandika yote hayo. Barua ya pili ilikuja kabla mwezi haujaisha.

Sijawahi kuona watu wakichimba kama walivyochimba baada ya hapo. Wale wawili waliokimbilia Ruangwa walirudi wenyewe, na majembe yao. Mtaro uliokuwa ukisogea kwa kuburutwa ulishuka mlima mpaka kijijini huku watu wakishindana kwa vitongoji. Mimi, mtu wa wiki mbili, nilichimba mpaka siku ya mwisho.

Siku ya kufungua bomba tulitegemea mzee wa ubalozini akate utepe, kama ilivyo desturi. Utepe ulikuwepo, na mkasi juu ya sahani. Mwenyekiti alisimama, kwa ile sauti yake ya kuita watu wa mbali, akasema bomba hili litafunguliwa na yule aliyeadhibiwa kwa kulikosa. Wageni walipiga makofi kabla ya sisi.

Mama alikuja na sufuria. Aliiweka chini ya bomba, akafungua. Bomba lilikohoa, likatema hewa, likatoa maji ya rangi ya udongo. Akayamwaga, akaiweka tena, akangoja. Alizoea kungoja, lakini safari hii hakuwa na kikombe mkononi. Maji yakaja meupe. Sufuria ile ilichukua muda kujaa, na tulisimama tukiiangalia inajaa kama watu wanaoangalia mpira dakika za mwisho. Ilipofika ukingoni akafunga.

Akainama, akashika kishikio kimoja, akajaribu kuinua. Haikuinuka. Akamtafuta mwenyekiti kwa macho.

"Shemeji," alisema, "shika huku."

Akashika.